Vanessa James na kuteleza kwa jozi Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, watu huuliza maswali yaleyale. Kwa nini Mfaransa huyu hakuzaliwa Ufaransa? Kwa nini yule aliyekuwa na mwenza huyu sasa ana mwingine? Mbona ameanguka na bado ameshinda? Nimeyakusanya hapa, na majibu mengi yanapita katika safari ya mtu mmoja, Vanessa James, kwa sababu karibu kila jambo gumu la mchezo huu wa kuteleza wawili wawili kwenye barafu lilimkuta: kutafuta mwenza, kuhama nchi, kusubiri uraia, na kukosa medali kwa tofauti isiyoonekana kwa macho.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Katika kuteleza kwa jozi, kipaji cha mtu mmoja hakitoshi hata kidogo. Kinachoamua ni nani mmeshikana mikono, na mmevumiliana kwa muda gani.

## Ya msingi kwanza

Vanessa James ni nani?

Ni mtelezaji wa barafu aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1987 huko Scarborough, Ontario, Kanada. Baba yake ni wa Bermuda, na Vanessa aliishi kisiwani huko utotoni kabla ya familia kuhamia Virginia, Marekani. Ameshindana chini ya bendera tatu: Uingereza alipokuwa akiteleza peke yake, Ufaransa alipoingia katika jozi, na Kanada mwishoni kabisa.

Lakini ukimtaja kwa wapenzi wa mchezo huu, wengi watakuambia ni Mfaransa, na wana sababu. Kwa Ufaransa alitumia zaidi ya miaka 10, akashiriki Olimpiki 3 (2010, 2014 na 2018), akapata medali ya shaba ya dunia mwaka 2018, akashinda Fainali ya Grand Prix (mfululizo wa mashindano makubwa ya kila msimu) Desemba 2018, na Januari 2019 akawa bingwa wa Ulaya pamoja na Morgan Ciprès.

Kuteleza kwa jozi ni nini hasa, na kunatofautianaje na dansi ya barafu?

Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron, Wafaransa waliotwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2022, hawakuwa jozi kwa maana ya mchezo huu. Wao walishindana katika dansi ya barafu. Katika dansi, macho ya majaji yako kwenye miguu, mdundo na ukaribu wa wawili hao. Mwanamume haruhusiwi kumnyanyua mwenzake na kumshikilia juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, na hakuna kumrusha.

Jozi ni mchezo wa hatari zaidi. Mwanamume humnyanyua mwanamke juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka huku yeye mwenyewe akiteleza na kugeuka. Humrusha mbali, na mwanamke huzunguka hewani mara 3 kisha kutua peke yake kwa mguu mmoja, akienda kinyumenyume. Wote wawili pia huruka bega kwa bega, kila mmoja kwa nguvu zake, na wanatakiwa kutua kwa wakati mmoja.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kurushwa na kudakwa. Mwanamume humtupa mwenzake juu, anamwachia kabisa, mwanamke anajizungusha mara 3 akiwa amelala hewani, kisha anadakwa kiunoni kabla mguu wake haujagusa barafu. Mkitazama kwa picha ya polepole, angalieni viwiko vya mwanamume. Mikono yake inashuka hadi ubavuni baada ya kumwachia, kisha inapanda tena kumdaka. Jozi zinazokawia hudakana kifuani kwa kishindo, na majaji hukata alama hapo hapo.

Mzunguko wa kifo ni nini? Ni wa hatari kama jina lake?

Jina linatisha, lakini ni kipengele cha kawaida ambacho kila jozi hukifanya. Mwanamume anachomeka meno ya mbele ya chuma cha kiatu kwenye barafu, anakunja goti na kuwa mhimili. Mwanamke, akiwa ameshikwa mkono mmoja tu, analala karibu sambamba na barafu na kumzunguka, kichwa chake kikiwa chini kabisa. Nywele huweza kugusa barafu. Ajali mbaya zaidi katika mchezo huu hutokea kwenye kunyanyuana na kudakana. Tazama swali la majeraha.

Kwa nini wanashindana siku mbili?

Kwa sababu kuna programu mbili. Programu fupi ni ya dakika 2 na sekunde 40, yenye vipengele 7 vilivyopangwa na kanuni. Programu huru sasa ni ya dakika 4. Hadi msimu wa 2017–18 ilikuwa dakika 4 na nusu. Alama za siku zote mbili hujumlishwa.

Majaji wanatoaje alama?

Kila kipengele kina thamani yake ya msingi, na jopo la wataalamu ndilo linalotambua kilichofanyika barafuni: mzunguko ulikamilika au ulipungua, kunyanyua kulikuwa kwa ngazi ipi ya ugumu. Kisha majaji, ambao ni hadi 9 katika mashindano makubwa, wanaongeza au kupunguza kwa ubora. Tangu msimu wa 2018–19 kipimo hicho cha ubora huenda kutoka −5 hadi +5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zinazobaki zinatafutiwa wastani. Juu ya hapo kuna alama za usanii na ustadi wa kuteleza.

Mmoja akianguka, jozi inakatwa alama 1. Wakianguka wote wawili, alama 2. Ndiyo maana jozi inaweza kuanguka mara moja na bado kushinda, ikiwa mengine yote yalikuwa na thamani kubwa. Mfumo huu haukuwapo zamani, na ulizaliwa kutokana na kashfa iliyoihusu Ufaransa moja kwa moja (tazama swali la Salt Lake City).

## Safari ya Vanessa James

Alianza akiwa na umri gani?

Alianza baada ya kuvutiwa na Olimpiki ya Nagano ya 1998, akiwa na takriban miaka 10. Katika mchezo ambao wengi huvalishwa viatu vya barafu wakiwa na miaka 4 au 5, huko ni kuchelewa. Wazazi wanaoniuliza kama mtoto wa miaka 9 ameshapitwa na wakati, huwa nawatajia jina hili.

Kama alikuwa bingwa akiteleza peke yake, kwa nini aliingia kwenye jozi?

Ni kweli, mwaka 2006 alitwaa ubingwa wa Uingereza upande wa wanawake. Lakini bingwa wa taifa Uingereza si lazima awe na nafasi duniani, hasa enzi zile ambapo Wajapani, Wamarekani na Warusi walikuwa wamejaza nafasi za juu. Mwishoni mwa 2007 alijaribiwa Paris pamoja na Yannick Bonheur, Mfaransa aliyekuwa ameshacheza Olimpiki ya Torino ya 2006 na mwenza mwingine. Wakaelewana kwenye barafu, na Vanessa akahamia Ufaransa.

Kuhama huko si jambo dogo. Mtelezaji wa peke yake anajua kuruka na kuzunguka kama pia, lakini hajui kunyanyuliwa. Lazima ajifunze upya jinsi ya kushika mkono wa mtu, kukaza tumbo na mgongo akiwa juu, na zaidi ya yote, kutojaribu kujiokoa mwenyewe. Akijipinda hewani kwa woga, anamwangusha na mwenzake.

Ni kweli yeye na Bonheur walikuwa jozi ya kwanza ya watu weusi kwenye Olimpiki?

Ndiyo, Vancouver 2010. Walimaliza nafasi ya 14, na mwezi uliofuata wakawa wa 12 katika mashindano ya dunia Torino. Kwa medali, hizo si nafasi za kukumbukwa. Kwa historia, zinakumbukwa. Mchezo huu ulikuwa umeingia Olimpiki tangu London 1908, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla watu wawili weusi hawajasimama pamoja katikati ya barafu hiyo.

Wafaransa walikuwa wameshamwona Surya Bonaly, mzaliwa wa Nice, akitwaa ubingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo kati ya 1991 na 1995, lakini Bonaly alikuwa peke yake barafuni.

Morgan Ciprès alitoka wapi?

Alizaliwa Melun, kusini-mashariki mwa Paris, mwaka 1991, na alikuwa akiteleza peke yake. Jozi ya Vanessa na Bonheur ilipovunjika mwaka 2010, shirikisho la Ufaransa lilikuwa na mwanamke aliyekwisha kucheza Olimpiki na kijana wa miaka 19 asiyewahi kumnyanyua mtu mashindanoni. Wakawekwa pamoja.

Mbona miaka ya mwanzo hawakupata medali?

Kwa sababu walikuwa watelezaji wawili wa peke yao waliofungwa pamoja. Kuruka bega kwa bega waliweza, tena vizuri, kwani wote walikuja na miruko yao. Vipengele vya jozi hasa ndivyo vilivyohitaji muda. Kunyanyua kwa ngazi ya juu hakujengwi kwa msimu mmoja. Mwanamume anahitaji miaka ya mazoezi ya sakafuni, juu ya magodoro, kabla hajaaminiwa kugeuka kwa mguu mmoja huku mtu akiwa juu ya kichwa chake.

Sochi 2014 walimaliza wa 10. Walikuwa mabingwa wa Ufaransa mara kwa mara, lakini ndani ya nchi yenye jozi chache ubingwa wa taifa haukuambii mengi. Nimesoma watu wakiiita miaka hiyo miaka iliyopotea, na sikubaliani nao. Ukiangalia walichokifanya 2018, kila kitu kilikuwa kimewekwa katika miaka hiyo.

Ni nini kilibadilika mwaka 2016?

Waliondoka Ufaransa kwenda Florida kufundishwa na John Zimmerman na Silvia Fontana. Zimmerman alikuwa mtelezaji wa jozi wa Marekani aliyepata shaba ya dunia mwaka 2002, kwa hiyo alikuwa mtu aliyejua kunyanyua kwa mikono yake mwenyewe. Programu yao huru ilitungwa na Charlie White, bingwa wa Olimpiki wa dansi ya barafu mwaka 2014.

Tofauti ilionekana haraka. Januari 2017, Ostrava, walipata shaba ya Ulaya, medali ya kwanza ya jozi ya Ufaransa katika mashindano hayo tangu 2003. Kilichobadilika zaidi, kwa macho yangu, ni kasi ya kuingia katika vipengele. Awali ungeweza kuona wanajiandaa: mguu unatulia, bega linashuka, kisha kitu kinatokea. Baada ya Florida kitu kilitokea katikati ya mwendo, na mtazamaji alishtukia tu mwanamke yuko juu.

Hiyo medali iliyopotea kwa alama 0.01 ni ipi?

Ni ya mashindano ya Ulaya, Moscow, Januari 2018. Vanessa na Ciprès walimaliza wa 4, alama 0.01 nyuma ya Warusi Natalia Zabiiako na Alexander Enbert. Katika jumla inayozidi alama 200, pengo hilo ni dogo kuliko athari ya jaji mmoja kuchagua +1 badala ya +2 kwenye kipengele kimoja.

Mwezi uliofuata walikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya PyeongChang. Kisha Machi, mashindano ya dunia Milano, wakapata shaba nyuma ya Aljona Savchenko na Bruno Massot wa Ujerumani na Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov wa Urusi. Ufaransa haikuwa imepata medali ya dunia ya jozi tangu Sarah Abitbol na Stéphane Bernadis walipotwaa shaba nyumbani Nice, mwaka 2000.

Msimu wao bora ulikuwa upi?

Wa 2018–19, bila ubishi. Walishinda Skate Canada, wakashinda Internationaux de France mjini Grenoble, wakashinda Fainali ya Grand Prix Vancouver mwezi Desemba, wa kwanza kutoka Ufaransa kufanya hivyo katika jozi. Januari 2019, Minsk, wakawa mabingwa wa Ulaya mbele ya Tarasova na Morozov.

Kabla yao, jozi ya mwisho ya Ufaransa kutwaa taji hilo ilikuwa ya Andrée na Pierre Brunet, mwaka 1932. Miaka 87. Vanessa alikuwa na miaka 31 siku hiyo, karibu miaka 13 baada ya ubingwa wake wa Uingereza.

Kwa hiyo mbona hawakuwa mabingwa wa dunia mwaka huohuo?

Walikwenda Saitama, Japani, Machi 2019, bila kushindwa msimu mzima. Kabla ya programu fupi kuna mazoezi ya dakika 6, ambapo jozi hadi 4 huingia barafuni kwa pamoja. Watu 8, kila mmoja kwa kasi kubwa, wengi wakienda kinyumenyume, kila jozi ikitafuta nafasi ya kurushiana. Katika dakika hizo Vanessa aligongana na Matteo Guarise wa Italia.

Walicheza hata hivyo, programu fupi ikawaharibikia, wakamaliza wa 5. Watu huuliza kama wangeruhusiwa kupumzika au kurudia siku nyingine. Mwamuzi anaweza kutoa muda mfupi kwa sababu za kiafya, lakini ratiba ni ratiba. Hayo ndiyo mashindano yaliyoniuma kuliko yote niliyowahi kuyatazama, kwa sababu kazi ya miaka 9 iliguswa na kitu kisichohusiana na ustadi wao.

Baada ya Ciprès alifanya nini?

Hawakushindana msimu wa 2019–20, na mwaka 2020 jozi ikafika mwisho. Mwaka 2021 Vanessa alitangaza kurudi na Eric Radford wa Kanada, bingwa wa dunia wa 2015 na 2016 akiwa na Meagan Duhamel, aliyekuwa amestaafu baada ya PyeongChang.

Walikuwa na msimu mmoja tu, tena wenye misukosuko. Waliugua UVIKO, wakajitoa kwenye mashindano ya taifa ya Kanada kabla ya kuyamaliza, na bado wakateuliwa kwenda Beijing, uteuzi uliozua malalamiko mengi. Huko walimaliza wa 12. Mwezi uliofuata walipata shaba ya dunia, nyuma ya Wamarekani Alexa Knierim na Brandon Frazier na Wajapani Riku Miura na Ryuichi Kihara. Warusi walikuwa wamefungiwa na Wachina hawakwenda, ni kweli, lakini jozi ya miezi michache haipandi jukwaani bila kuteleza vizuri. Na mji ulikuwa Montpellier. Alipata medali yake ya mwisho Ufaransa, akiwa amevaa rangi za Kanada.

## Ufaransa na mchezo wa jozi

Ufaransa ina historia yoyote katika jozi, au ni Vanessa tu?

Ina historia kubwa, ila ya zamani. Andrée Joly na Pierre Brunet walipata shaba Chamonix 1924, kisha dhahabu St. Moritz 1928 na Lake Placid 1932. Walikuwa mabingwa wa dunia mara 4, kila baada ya mwaka mmoja: 1926, 1928, 1930 na 1932. Katikati, mwaka 1929, wakaoana.

Walileta vituko vya kunyanyua na kuteleza kwa kuakisiana ambavyo jozi za wakati wao hazikuvifanya. Andrée pia aliacha mavazi meupe waliyozoea wanawake na kuvaa nyeusi ili afanane na mumewe, jambo lililowashangaza watu wakati ule na leo halishangazi mtu. Mwaka 1936 hawakwenda kutetea taji lao katika Ujerumani ya Hitler, kwa kupinga utawala ule. Baadaye walihamia Marekani, na Pierre akamfundisha Carol Heiss, bingwa wa Olimpiki wa 1960.

Kashfa ya Salt Lake City ilihusianaje na Ufaransa?

Februari 2002, dhahabu ya jozi walipewa Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze kwa kura 5 dhidi ya 4, mbele ya Wakanada Jamie Salé na David Pelletier walioteleza bila kosa. Jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alisema ameshinikizwa na shirikisho lake, kisha akabadili maelezo. Yeye na rais wa shirikisho la Ufaransa wakati huo, Didier Gailhaguet, walisimamishwa miaka 3. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, na mfumo wa zamani wa alama 6.0 ukaondolewa katika miaka iliyofuata. Alama za desimali ndefu unazoziona leo zilitokana na usiku ule.

Ni kweli bingwa wa Olimpiki wa 2018 wa Ujerumani alikuwa Mfaransa?

Ndiyo. Bruno Massot ni wa Caen, Normandy, na alianza kwa kuiwakilisha Ufaransa. Alipoungana na Aljona Savchenko ikabidi wachague bendera, wakachagua Ujerumani. Ufaransa ilichelewa kumwachia hadi 2015, na uraia wa Ujerumani aliupata Novemba 2017 tu, baada ya kuhangaika na mtihani wa lugha, miezi 3 kabla ya michezo. PyeongChang walikuwa wa 4 baada ya programu fupi, kisha wakaweka rekodi ya dunia katika programu huru na kuchukua dhahabu.

Kwa hiyo msimu ule Ufaransa ilikuwa na wanaume wawili wa kiwango cha juu kabisa, ila mmoja alivaa koti la nchi nyingine. Nchi yenye jozi chache haimudu kumpoteza hata mtu mmoja.

## Maisha ya kazi hii

Wanalipwa kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, na wanagawana. Katika miaka ya mafanikio ya Vanessa na Ciprès, kushinda shindano moja la Grand Prix kulilipa dola 18,000 kwa jozi nzima, na Fainali dola 25,000. Ondoa kodi, makocha, mtunzi wa programu, mavazi, safari, na viatu ambavyo kwa kiwango hicho, pamoja na vyuma vyake, huzidi yuro 1,000.

Ufaransa ina utaratibu wa Wizara ya Michezo wa kuwaorodhesha wanamichezo wa kiwango cha juu, na walio kwenye orodha hupata misaada. Nje ya hapo fedha hutoka kwenye maonyesho ya barafu. Wengi hulipwa vizuri zaidi kwa kuburudisha kuliko kwa kushindana.

Majeraha yakoje? Mbona hawavai kofia ngumu?

Mwanamke aliyenyanyuliwa yuko zaidi ya mita 2 juu ya barafu, na mwanamume aliye chini yake anasonga kwa kasi. Mitikisiko ya ubongo ndiyo inayoogopwa kuliko yote, ikifuatiwa na mabega, migongo na vifundo vya miguu. Viwiko vya wanawake wakati wa kudakwa vimewapasua wanaume nyusi na midomo mara nyingi.

Mashindanoni kofia ngumu haivaliwi. Mazoezini jozi zinazojifunza kurusha hutumia mkanda uliofungwa kwenye ufito au kamba, ambao kocha huushikilia ili kumzuia mwanamke asigonge barafu. Mwanamume aliyefunzwa vizuri hujifunza jambo moja kabla ya mengine yote: kunyanyua kukiharibika, yeye ndiye anayetakiwa kuwa chini.

Umri wa kustaafu ni upi?

Katika jozi, kukomaa ni faida. Savchenko alipata dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 34, na Radford aliteleza Beijing akiwa na 37. Umri wa chini nao umepandishwa, na sasa ni miaka 17 kwa mashindano ya wakubwa.

## Maswali ya pembeni

Je, wote wawili lazima wawe raia wa nchi wanayoiwakilisha?

Inategemea mashindano. Kwa mashindano ya dunia na ya Ulaya inatosha mmoja awe raia. Kwa Olimpiki, lazima wote. Ndiyo maana Vanessa aliweza kuiwakilisha Ufaransa na Bonheur kabla hajawa Mfaransa, lakini uraia wake, aliopata Desemba 2009, ulikuja wiki chache tu kabla ya Vancouver. Kwa Kanada hakuhitaji kusubiri karatasi, kwa kuwa alizaliwa huko.

Mtu anaweza kuhama nchi wakati wowote?

Hapana. Shirikisho la zamani linatakiwa kutoa ruhusa, na lazima kipite kipindi cha kusubiri tangu aliposhindana mara ya mwisho kwa nchi ile. Wengi hupoteza msimu mzima hapo. Tazama yaliyompata Massot hapo juu.

Mmoja akiumia, mwenzake anaruhusiwa kushindana na mtu mwingine?

Kanuni hazimkatazi kuunda jozi mpya, lakini jozi mpya haibebi nafasi wala pointi za ile ya zamani, na lazima ifikishe upya alama za chini zinazotakiwa. Kwa mtu aliyebakiza mwezi mmoja kabla ya Olimpiki, hilo ni sawa na kubaki nyumbani.

Afrika Mashariki kuna mahali pa kujifunza?

Nairobi, Hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na hapo ndipo timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, ilipolelewa. Uwanja ule ni mdogo kuliko wa kimataifa wa mita 60 kwa 30, na kwa jozi ukubwa ni jambo la lazima, kwa kuwa kurusha mtu kunahitaji nafasi ya kukimbilia na nafasi ya kutulia. Wasomaji walioko Dubai wana uwanja wa ukubwa wa Olimpiki ndani ya Dubai Mall. Walioko Ufaransa waulize klabu zilizo chini ya shirikisho la michezo ya barafu, FFSG. Mtoto huanza peke yake, si kwa jozi, na mwalimu akikuambia umlete mwenza siku ya kwanza, tafuta klabu nyingine.

Nikitaka kutazama programu moja tu ya Vanessa James, ipi?

Programu huru ya Milano 2018. Miezi miwili nyuma yao ilikuwa 0.01 ya Moscow, mwezi mmoja nyuma nafasi ya 5 ya PyeongChang. Tazama mara ya kwanza bila kuhesabu chochote. Mara ya pili, mfuate Ciprès tu, kwa sababu macho ya kila mtu huwa kwa Vanessa: angalia anavyomrusha, kisha anavyokimbia kumfikia kabla hajamaliza kutua, mkono ukiwa tayari umenyooshwa. Kisha rudi utazame Minsk 2019, ulinganishe muda kati ya kutua kwake na kushikana kwao mikono.